Sebule na Korido: Mhadhara juu ya Sanaa ya Karibi na Waliyoihifadhi

 Ninayotaka kuyasema yanawahusu ninyi wanafunzi kuliko sisi tuliokwisha kuzeekea katika kazi hii.

Mada yangu ni sanaa ya watu wa Visiwa vya Karibi, nami nitaiendea kupitia maonyesho fulani. Tarehe 1 Desemba 2021, jumba la Tate Britain jijini London lilifungua maonyesho yaliyoitwa Life Between Islands. Yalikusanya kazi za wasanii zaidi ya 40, tangu miaka ya 1950 hadi sasa: michoro ya turubai, sanamu, picha za kupigwa, filamu, vitambaa na mavazi. Baadhi yao walizaliwa Jamaika, Trinidad, Guyana au Grenada wakahamia Uingereza, na wengine ni watoto wa wahamiaji hao. Wamo pia wachache wenye asili nyingine ambao maisha ya Karibi yameingia katika kazi zao. Waliochagua na kupanga kazi hizo ni David A. Bailey na Alex Farquharson. Maonyesho yalifungwa Aprili 2022, na mwishoni mwa 2023 yakafunguliwa tena ng'ambo ya Atlantiki, katika Art Gallery of Ontario, Toronto.

Habari hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba jumba kubwa liliamka siku moja, likawaona watu waliosahauliwa, likawafungulia mlango. Mimi naisimulia kwa kuanzia upande wa pili. Watu wa Karibi hawakuwa wamejisahau. Kwa muda wa miaka 70 walichora, wakachonga, wakabishana juu ya sanaa yao, wakatunza karatasi na picha zao, na sehemu kubwa ya kazi hiyo waliifanya majumbani mwao. Sebule ilitangulia na jumba la makumbusho likafuata. Hilo ndilo ninalotaka mtoke nalo hapa leo, kwa sababu lina mafunzo kwetu pia.

Nyumba iliyojengwa kwa sukari

Kwanza tuitazame nyumba yenyewe, yaani Tate Britain. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1897 kwa fedha na mkusanyo wa picha za Henry Tate, tajiri wa viwanda vya kusafisha sukari. Henry Tate hakumiliki watumwa. Alizaliwa 1819, na Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni mwaka 1833, yeye alikuwa na umri wa miaka 14. Lakini biashara ya sukari iliyomtajirisha ilikuwa imesimamishwa juu ya mashamba ya miwa ya Karibi, na mashamba hayo yalilimwa kwa takriban karne mbili na watu waliotekwa Afrika pamoja na watoto wao. Utumwa ulipokoma, Guyana na Trinidad ziliingiza vibarua wa mkataba kutoka India ili miwa iendelee kukatwa.

Kwa hiyo msanii wa Karibi anapotundika kazi yake ndani ya kuta zile, anaingia katika nyumba ambayo wazee wake walichangia gharama yake bila kuulizwa. Wasanii wenyewe wanalijua hilo vizuri. Donald Locke wa Guyana, katika miaka ya mwanzo ya 1970, alitengeneza vitu vya udongo vyenye umbo la risasi, akavipanga ndani ya kabati la mbao kama tuzo za mshindi, na baadhi yake akavitia vyuma vinavyokumbusha pingu. Miaka 50 hivi baadaye, Machi 2022, mwanawe Hew Locke aliujaza ukumbi mkuu wa jumba hilohilo kwa msafara wa sanamu karibu 150, watu wazima na watoto, waliovaa vinyago na mavazi ya rangi kali, wakibeba bendera na picha za historia ya sukari na ukoloni. Kwa siku chache msafara wa mwana na kabati la baba vilikuwa chini ya paa moja. Ni familia moja iliyokuwa inauliza swali lile lile kwa vizazi viwili.

Sebule

Sasa twende kwenye sebule. Michael McMillan, mwandishi na msanii aliyezaliwa Uingereza na wazazi kutoka St Vincent, alijenga upya sebule ya familia ya Karibi ndani ya jumba la makumbusho la Geffrye, London, mwaka 2005. Sebule yake ilikuwemo pia katika maonyesho ya Tate. Ukiingia unakuta karatasi za ukutani zenye maua makubwa, zulia lenye maua mengine, vitambaa vya kroshia vilivyotiwa wanga vikasimama, maua ya plastiki, samaki wa kioo, kabati la glasi zisizotumiwa, picha ya Yesu, na sanduku kubwa la redio lenye sehemu ya kupigia santuri. Jumapili ilikuwa siku ya nyimbo za Jim Reeves. Watoto waliruhusiwa kuingia wakati wa wageni tu, na waliketi wima.

Nawaona mnatabasamu. Sebule hii mnaijua. Iko Tanga, iko Kisumu, iko Bujumbura, na vitambaa vyake vya kufuma viko mpaka juu ya televisheni. Lakini tusiishie katika kutabasamu. Tuulize kwa nini watu wale waliitunza hivyo.

Meli ya Empire Windrush iliwasili Tilbury mwezi Juni 1948 ikiwa na mamia ya abiria kutoka Karibi, na waliofuata katika miaka ya 1950 wakawa maelfu kwa maelfu. Walikuja kama raia wa dola ya Uingereza. Walipotafuta vyumba vya kupanga, wenye nyumba wengi waliwakatalia waziwazi kwa sababu ya rangi. Familia nzima iliishi katika chumba kimoja, ikapika na kulala humohumo, ikipashwa joto na jiko la mafuta ya taa. Kwa hiyo siku familia ilipopata nyumba yake, chumba cha mbele kilikuwa tangazo. Kilisema kwamba hapa wanaishi watu wenye heshima, wenye kwao, wanaojua kupokea mgeni. Mama aliyefuma vitambaa vile usiku baada ya zamu ya hospitali au kiwandani alikuwa anachagua rangi, anapanga, anaamua nini kikae wapi na kitazamwe vipi. Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na mpangaji wa maonyesho. McMillan aliliona hilo, na kwa kuiweka sebule katika makumbusho alimpa mama yule nafasi iliyo sawa na ya mchoraji.

Sebule ilikuwa pia ukumbi wa dansi, kwa kuwa klabu nyingi za mjini hazikuwataka watu weusi. Samani ziliondolewa, spika zikaingizwa, na muziki ukapigwa mpaka alfajiri. Denzil Forrester, aliyezaliwa Grenada mwaka 1956, alianza kuchora katika madansi ya rege jijini London akiwa kijana. Alichora kwa mkaa gizani, karibu kusiko na mwanga wa kuiona karatasi yake, na kila mchoro alijipa muda wa wimbo mmoja. Baadaye aliigeuza michoro hiyo kuwa turubai kubwa zenye bluu na zambarau, ambamo miili inakatwakatwa na taa. Rafiki yake mmoja alipofariki mikononi mwa polisi mwaka 1981, Forrester aliwaingiza askari katika picha zake, na tangu hapo wakawa wanasimama palepale watu wanapocheza. Furaha na hofu vilikuwa vinaishi katika chumba kimoja, naye alivichora kama vilivyokuwa.

Mfano wa wazi kuliko yote ni Vanley Burke. Alizaliwa Jamaika mwaka 1951, akiwa mtoto akapewa kamera, na mwaka 1965 akawafuata wazazi wake Birmingham. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 amewapiga picha watu wa mtaa wa Handsworth: ubatizo, mazishi, michezo ya dhumna, maandamano, mvulana na baiskeli yake yenye bendera ya Uingereza. Lakini hakuishia kwenye picha. Alikusanya vipeperushi, nguo, mabango, vyombo, barua, kila kitu ambacho wengine walikitupa, akakiweka katika fleti yake. Mwaka 2015 jumba la sanaa la Ikon, Birmingham, lilichukua vitu vya fleti ile yote na kuvihamishia katika ukumbi wake. Makumbusho ilikuja kuazima sebule ya mtu mmoja, kwa sababu humo ndimo ilimokuwa historia ya mji.

Chumba cha chini ya ardhi, Mecklenburgh Square

Kuna sebule nyingine niliyotaka tuitembelee. Desemba 1966, katika fleti ya chini ya ardhi pale Mecklenburgh Square, London, mshairi wa Barbados Edward Brathwaite na mkewe Doris waliwakaribisha marafiki. Kutoka katika mikutano ya namna hiyo kikazaliwa chama cha wasanii wa Karibi. Waanzilishi watatu walikuwa Brathwaite, John La Rose wa Trinidad, na Andrew Salkey, mwandishi aliyelelewa Jamaika. Walikutana washairi, waandishi wa riwaya, wachoraji na wachongaji, wakasomeana, wakabishana, wakakosoana. Chama kilidumu miaka sita hivi tu, lakini karibu kila jina kubwa la kizazi kile lilipitia humo.

Alikuwemo Aubrey Williams wa Guyana, aliyekuwa afisa wa kilimo kabla ya uchoraji kuwa kazi yake ya kudumu. Akiwa kijana alipelekwa kaskazini magharibi mwa nchi, akaishi miaka miwili na Wawarrau, wenyeji wa asili wa huko. Alisema kwamba huko ndiko alikoanza kujielewa kama msanii. Turubai zake zinawaka rangi za moto na msitu, na ndani yake zinaonekana alama za watu wa kale wa Amerika.

Alikuwemo Althea McNish wa Trinidad, aliyehitimu Royal College of Art mwaka 1957 na mara moja akaagizwa kazi na duka la vitambaa la Liberty. Siku moja alitembea katika shamba la ngano huko Essex, na masuke yale yakamrudisha katika mashamba ya miwa ya kwao. Akatoa pambo la kitambaa lenye rangi ya dhahabu lililouzwa kwa miaka mingi na kuingia katika nyumba za Waingereza wasiojua kwamba dirishani wametundika kumbukumbu ya Trinidad. Sisi tunaovaa kanga tunajua jinsi kitambaa kinavyoweza kusema mambo mazito mahali ambapo mdomo hauruhusiwi.

Na alikuwemo Ronald Moody, mzee wao. Alitoka Kingston, Jamaika, mwaka 1923 kwenda London kusomea udaktari wa meno. Katika vyumba vya sanaa ya Misri vya British Museum akakutana na sanamu zilizombadilisha, akajifunza kuchonga mwenyewe. Mwaka 1936 alichonga kwenye gogo mtu mwenye uso mtulivu na kifua kipana, akamwita Johanaan. Akahamia Paris, akaanza kupata jina. Juni 1940 majeshi ya Ujerumani yalipokaribia, alikimbia akaacha sanamu zake, akavuka milima ya Pirenei, na mwaka 1941 akafika Uingereza akiwa amedhoofika afya.

Moody alifariki 1984. Tate ilimnunua Johanaan mwaka 1992, yaani miaka 56 baada ya kuchongwa. Nani aliibeba habari ya Moody katika miaka hiyo? Zaidi ya wote ni binti wa ndugu yake, Cynthia Moody, aliyekuwa mhariri wa filamu. Alitunza barua, picha na daftari za baba yake mdogo, akafuatilia sanamu zilikokwenda, akaandika, akawasumbua wataalamu mpaka wakasikiliza. Leo karatasi hizo zimo katika hifadhi ya Tate. Bila mwanamke yule, mtaalamu wa mwaka 2021 angekuwa na sanamu chache zisizo na maelezo.

John La Rose alifanya kazi ya namna hiyo kwa ajili ya wote. Mwaka 1966 alianzisha kampuni ya vitabu ya New Beacon, na mwaka 1991 yeye na wenzake wakaanzisha taasisi yenye jina la George Padmore juu ya duka lao katika barabara ya Stroud Green. Huko ndiko zinakohifadhiwa nyaraka za chama kile cha wasanii. Na hapa hadithi inatugusa sisi moja kwa moja. Brathwaite alikuwa Kenya mwaka 1971, na bibi yake Ngũgĩ wa Thiong'o akampa jina la Kamau, jina ambalo mshairi yule alilitumia mpaka kufa kwake. La Rose naye aliongoza kamati iliyoundwa London mwaka 1982 kudai kuachiwa kwa wafungwa wa kisiasa wa Kenya. Watu waliojua kuhifadhi yao walijua pia kusimama na wenzao.

Korido

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wasanii hawa walipocheza kwa wengine, mara nyingi waliwekwa koridoni, na sisemi hivyo kwa mafumbo. Mchoro mashuhuri wa Wifredo Lam wa Kuba, La Jungla, uliokamilika 1943, ulinunuliwa na jumba la MoMA la New York mwaka 1945. Unaonyesha viumbe warefu waliochanganyika na miwa, kazi ya mtu aliyekuwa na damu ya China, Afrika na Hispania. Kwa miaka mingi ulitundikwa katika njia ya kuendea mahali pa kuwekea makoti.

Mwaka 1985 msanii mmoja alikusanya kazi za wanawake 11 weusi na wenye asili ya Asia, yeye akiwa mmojawapo, kwa ajili ya maonyesho katika taasisi ya ICA, London. Walipewa korido. Wakaijaza, na orodha ya waliokuwemo leo inasomeka kama orodha ya washindi: Sonia Boyce, Claudette Johnson, Ingrid Pollard, Veronica Ryan na wenzao, wengi wao wakiwa na asili ya Karibi. Aliyewakusanya ni Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1954, aliyepelekwa Uingereza akiwa mchanga baada ya kufiwa na baba. Alikuwa amekwisha kupanga maonyesho ya namna hiyo tangu 1983. Mwaka 2017 alipata tuzo ya sanaa ya Uingereza iitwayo Tuzo ya Turner, na wakati maonyesho ya Karibi yalipokuwa Tate Britain, kazi zake mwenyewe, zikiwemo zilizochukua umbo la kanga, zilijaza kumbi za Tate Modern ng'ambo ya mto Thames. Mwaka 1989 Rasheed Araeen, mzaliwa wa Karachi, naye alifanikisha maonyesho makubwa katika Hayward Gallery baada ya kuyapigania kwa takriban miaka kumi, na humo Moody na Williams wakapewa nafasi yao katika historia ya sanaa ya Uingereza.

Angalieni jambo hili. Kila mlango uliofunguka ulisukumwa na msanii mwenyewe, na mara nyingi msanii aliyefungua aliwafungulia na wenzake.

Kinachotoka katika kumbukumbu

Mwaka 2022 wanawake wawili wa ile korido walifika kileleni. Sonia Boyce, aliyezaliwa London na wazazi kutoka Barbados na Guyana, alipata tuzo ya Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya Venice kwa kazi iliyojengwa juu ya sauti za waimbaji wanawake weusi wa Uingereza. Mizizi ya kazi hiyo ni mwaka 1999, Liverpool, alipokiomba kikundi cha wanawake kikumbuke waimbaji hao kwa majina. Tangu hapo watu wamemletea majina, santuri na picha, naye amevitunza.

Veronica Ryan, mzaliwa wa Plymouth, Montserrat, akashinda Tuzo ya Turner akiwa na miaka 66. Miongoni mwa kazi zilizompatia ushindi ni sanamu tatu zilizowekwa barabarani Hackney, London, mwaka 2021, kukienzi kizazi cha Windrush: topetope, shelisheli na stafeli, makubwa kiasi cha mtoto kuyapanda. Hatuhitaji kuelezwa matunda haya, tunayaona sokoni Darajani na Kongowea. Shelisheli asili yake ni Pasifiki, na lilipelekwa Karibi kwa meli mwaka 1793 liwe chakula cha bei nafuu cha watumwa. Watu waliolishwa tunda lile kwa dharau walilifanya chakula chao cha nyumbani, wakalitamani walipohamia kwenye baridi, na binti yao akaliweka kama sanamu barabarani London. Ukitaka kujua urithi wa Karibi umetengenezwaje, simama hapo. Urithi huo haukupokewa ukiwa mzima. Watu waliokota walichotupiwa, wakakipika, wakakipenda, wakakipa umbo.

Wajibu wetu

Ndugu zangu, sijaja kuwaambia tuwaonee wivu. Nimekuja kuwaomba tuige kazi yao iliyotangulia sherehe. Katika nyumba zetu kuna picha za studio za Mombasa na Unguja zisizoandikwa jina nyuma, kuna michoro ya wachoraji waliokwisha kufa ambayo wajukuu hawajui mwaka wake, kuna kanga za bibi zilizogeuzwa matambara. Mchoraji wetu akifa, karatasi zake huondoka na vitu vya kuchomwa.

Nawaomba wanafunzi mambo matatu, na yote hayangoji bajeti ya serikali. Andikeni: kila kazi iwe na jina la aliyeitengeneza, mahali na mwaka, leo, wakati angali hai wa kuulizwa. Kutaneni: chumba cha kupanga na birika la chai vinatosha kuanzisha mabishano ya kweli juu ya sanaa, maana wale wa Mecklenburgh Square hawakuwa na zaidi ya hapo. Na mkifunguliwa mlango, ingieni na wenzenu, kama alivyofanya mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1985.

Majumba makubwa yatakuja siku moja kutafuta kazi zetu, mengine yameshaanza. Yakija, yakute kazi ya kuhifadhi imekwisha fanywa, na wenye mali wanajua walicho nacho, kina thamani gani, na kinatundikwa wapi.